Likizo ya Desemba: Jikoni Pamoja na Watoto, Baba na Mama



Shule zinapofungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, nyumba zetu hubadilika. Watoto waliokuwa wakitoka alfajiri na kurudi jioni sasa wako nyumbani kutwa. Saa tatu wana njaa, saa tano wana njaa, na saa kumi utadhani hawajaonja kitu tangu jana. Huku kwetu Pwani huo ndio msimu wa joto. Kaskazi inavuma, na jua la mchana halimruhusu mtoto kucheza nje kwa muda mrefu. Basi wote hujazana ndani, na sauti ya kwanza kusikika ni hii: "Mama, tule nini?"

Angalia vizuri, msomaji mpendwa. Hawasemi, "Baba, tule nini?" Hapo ndipo somo letu la leo linapoanzia.

Nataka tujifunze jinsi ya kutengeneza vitafunio pamoja na watoto wakati wa likizo, kwa vitu vinavyopatikana sokoni au shambani. Lakini ukurasa huu ni wa watu wa ndoa, kwa hiyo sitaandika mapishi peke yake. Kupika na watoto ni kazi ya mume na mke kwa pamoja. Akiachiwa mmoja, furaha hugeuka mzigo, na mzigo unaweza kugeuka msiba. Haya sikuyasoma mahali. Yalitupata nyumbani kwetu.

YALIYOTUPATA

Ilikuwa Desemba ya mwaka wa 2015. Tulikuwa na watoto watatu: mvulana wa miaka tisa, msichana wa miaka sita, na kitinda mimba wa miaka mitatu. Mke wangu alikuwa akikaanga mahamri ya wageni. Watoto wote watatu walikuwa wamemzunguka, kila mmoja akitaka kutia la kwake ndani ya karai. Mdogo alianza kulia, mama akageuka kumtazama, na kwa nukta hiyo moja msichana wetu akanyoosha mkono. Karai liliyumba, mafuta yakamwagika juu ya mkono wake wa kulia.

Mimi nilikuwa nje chini ya mwembe, nikitayarisha mafundisho ya wachumba wanaojiandaa kwa ndoa. Niliposikia mayowe nilikimbia ndani, nikachukua dawa ya meno na kumpaka mtoto mkono mzima, kwa maana ndivyo nilivyoona watu wakifanya tangu utotoni. Tulipofika zahanati, muuguzi alilazimika kuiosha ile dawa ya meno kutoka kwenye malengelenge. Mtoto alilia kuliko alivyolia alipoungua.

Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa zaidi. Mbele ya muuguzi, mbele ya majirani waliotusindikiza, na mbele ya watoto, nilimwambia mke wangu: "Watoto watatu tu umeshindwa kuwaangalia?" Hakunijibu. Alijibu usiku, watoto walipokwisha kulala. Alisema kwa sauti ya chini: "Walikuwa watatu, karai moja, na mimi mmoja. Wewe ulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Mwanamume asiye na jibu mara nyingi hukasirika, nami nilikasirika. Kwa muda mrefu tuliongea maneno ya lazima tu: chumvi imekwisha, karo bado, mgeni amekuja. Mke wangu akaweka amri kwamba mtoto yeyote asivuke mlango wa jikoni. Amri hiyo ilidumu mwaka mzima, nami niliiona kuwa ya busara, kwa sababu iliniondolea lile swali la nilikuwa wapi.

Likizo iliyofuata, yule msichana wetu alisimama mlangoni pa jiko, akaonyesha kovu lake na kusema: "Mama, mkono wangu umepona. Nitarudi jikoni lini?"

Mke wangu hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.

Wapenzi wasomaji, siku hiyo nilimwomba mke wangu msamaha. Nilimwomba mbele ya watoto, kwa sababu nilimwaibisha mbele yao. Kisha tulikaa chini sisi wawili, tukapanga jinsi watoto watakavyorudi jikoni, na baba akiwamo. Yanayofuata ndiyo tuliyojifunza tangu hapo.

1. KWA NINI JIKONI?

Baba mmoja anaweza kuuliza: "Kwani mtoto hawezi kucheza mpira tu?" Acheze mpira. Lakini jikoni kuna mambo ambayo uwanja wa mpira hauwezi kumfundisha.

Kwanza, mtoto hujifunza kwamba chakula hakitoki hewani. Aliyekuna nazi moja kwa mkono wake hatatupa wali ovyo. Pili, anayatumia masomo ya shule. Kikombe na robo ni hesabu. Hamira inayoumuka ni sayansi. Tatu, mtoto anayekanda unga huzungumza. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Mwanangu wa kiume aliniambia habari za kuonewa shuleni tukiwa tunachagua karanga, jambo ambalo sikuweza kulipata kwake kwa maswali ya mezani.

Nne, na hili ni kubwa kwetu watu wa ndoa: watoto hutuona tukifanya kazi pamoja. Wanajifunza ndoa kwa macho. Mvulana akimwona baba yake akisukuma unga na mama akiukata, bila kugombana, amepata somo ambalo mimi katekista nitahangaika kumpa akiwa mchumba wa miaka 27. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi.

2. MAPATANO KABLA YA KUWASHA MOTO

Vurugu nyingi za jikoni huanza kwa sababu mume na mke hawakupatana mapema. Kaeni wenyewe usiku uliotangulia, mpatane juu ya mambo manne.

Siku na saa. Msipike na watoto kila siku, mtachoka. Siku mbili kwa wiki zatosha. Chagueni saa ambazo nyote wawili mpo. Sisi tulichagua Jumamosi saa tatu asubuhi, kabla joto halijapanda. Wanaofanya kazi mbali na nyumbani wachague siku ile baba au mama anaporudi.

Fedha. Tengeni kiasi kidogo kinachojulikana, mkitaje mbele ya watoto, kisha watoto waende sokoni na mmoja wenu na kurudisha chenji. Hii itazuia yale maneno ya "mnaniharibia unga," ambayo akina baba tumeyazoea. Unga mliokwisha kukubaliana hauharibiki, hata mahamri yakitoka magumu.

Nani yuko motoni. Hili ndilo lililotuumiza sisi. Mtu mzima mmoja akae motoni, asifanye jambo jingine. Mtu mzima wa pili akae na watoto mezani. Mkiwa na mtu mzima mmoja tu siku hiyo, tengenezeni kitu kisichohitaji mafuta ya moto. Kwa mjane, au kwa yule ambaye mwenziwe yuko kazini mbali, sheria ni hiyo hiyo: bila mtu wa pili, hakuna karai.

Nani ataosha. Akina baba, nawasihi mlisikie hili. Ukipika na watoto kwa saa moja, ukasifiwa, kisha ukamwachia mkeo sufuria tisa na sakafu yenye unga, hukumsaidia. Umemwongezea. Aliyechafua aoshe, na watoto wakuone ukiosha.

3. KILA MTOTO NA KAZI YAKE

Mtoto asiye na kazi jikoni ndiye mwenye hatari. Mpe kila mmoja ya kwake.

Wa miaka mitatu hadi mitano: kuosha matunda, kumenya ndizi, kuchambua iliki kutoka kwenye maganda, kunyunyiza chumvi, kukoroga kitu baridi ndani ya beseni. Akae mezani au juu ya mkeka, mbali na moto.

Wa miaka sita hadi tisa: kupima kwa kikombe, kukanda unga, kufanya madonge, kuchuja juisi, kuchagua karanga. Anaweza kukata kitu laini kwa kisu kisicho kikali, mzazi akiwa karibu.

Wa miaka kumi hadi kumi na tatu: kumenya na kukata kwa kisu, kukuna nazi kwa mbuzi, kusukuma unga, kukoroga karanga juu ya moto mdogo huku mzazi amesimama pale pale.

Wakubwa zaidi ya hapo wanaweza kukaanga, lakini bado chini ya jicho la mzazi. Na wote, wakubwa kwa wadogo, waanze kwa kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Sekunde 20 zatosha, ndiyo kusema kuhesabu moja hadi ishirini polepole.

Wavulana wafanye kama wasichana. Msimpe msichana sufuria na mvulana sifa.

4. VITAFUNIO VINNE VYA KUANZIA

Nimevipanga kuanzia rahisi hadi kigumu. Anzeni na cha kwanza. Msirukie mahamri siku ya kwanza.

(a) Embe bichi na juisi ya ukwaju

Hiki hakihitaji karai, nacho kinafaa sana siku za joto. Maembe huanza kujaa mitini kwetu mwisho wa mwaka, na mabichi ndiyo watoto wanayoyapenda. Mkubwa anamenya na kukata vipande vyembamba. Mdogo ananyunyiza chumvi. Pilipili ya unga itiwe na mzazi, maana mtoto akigusa pilipili kisha akajigusa macho, siku yenu imeisha.

Kwa juisi, chukua kikombe kimoja cha ukwaju uliobanduliwa maganda. Mzazi amimine juu yake vikombe vinne vya maji yaliyochemka, kisha mwache kwa nusu saa hadi yapoe. Watoto watie mikono iliyooshwa, wakande hadi kokwa ziachane na nyama yake. Chujeni, tieni sukari kidogo kidogo mkionja. Mwacheni kila mtoto aonje na kusema imetosha au bado. Mtashangaa jinsi ndugu wanavyojifunza kukubaliana juu ya kijiko cha sukari.

Wenye friji wanaweza kuigandisha iwe barafu ya kulamba. Zamani tuliigandisha ndani ya vifuko vya plastiki. Lakini tangu tarehe 28 Agosti 2017 serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, nasi tumezoea vikombe vidogo na kijiti katikati. Wasio na friji wasijali. Ukwaju uliopozwa ndani ya mtungi kivulini una raha yake.

(b) Bisi

Mahitaji ni nusu kikombe cha mahindi ya bisi, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, chumvi, na sufuria yenye mfuniko unaofunika vizuri. Mzazi apashe mafuta pamoja na punje tatu. Zikipasuka hizo tatu, atie zilizobaki na kufunika.

Sasa wafundisheni watoto kinachotokea ndani. Kila punje ina maji kidogo sana ndani yake. Punje ikipata moto wa nyuzi 180 hivi za selsiasi, maji yale yamegeuka mvuke, na ganda gumu linauzuia usitoke. Mwishowe ganda linashindwa, punje inapasuka na kujigeuza nje ndani. Punje yenye ufa haipasuki, kwa sababu mvuke wake umevuja polepole.

Kazi ya watoto ni kusikiliza. Milio ikianza kuachana kwa sekunde mbili au tatu, wapige makofi, na mzazi aondoe sufuria motoni. Mfuniko ufunguliwe na mtu mzima, kwa kuuelekeza upande usio na watu, maana mvuke unaunguza. Mtoto aliye chini ya miaka minne asipewe bisi wala karanga nzima, kwa sababu zinaweza kumsakama kooni. Mpeni ndizi au embe bivu.

(c) Karanga za kukaanga bila mafuta

Nusu ya kazi hii ni kuchagua, na hapo ndipo penye somo kubwa. Mwageni karanga mbichi juu ya ungo, watoto wazunguke. Kila karanga yenye kuvu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyooza itupwe. Asipewe kuku wala mbuzi.

Waelezeni sababu. Kuvu fulani inayoota juu ya mahindi na karanga zisizokauka vizuri hutoa sumu iitwayo aflatoksini, nasi twaiita sumukuvu. Mwaka wa 2004, watu 125 walifariki katika nchi yetu, wengi wao huko Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga na kuchemsha kwa kawaida hakuiondoi. Kinga ni kukausha vizuri, kuhifadhi mahali pakavu, na kutupa zilizoharibika. Mtoto akilijua hilo akiwa na miaka minane, ataiokoa nyumba yake siku moja.

Baada ya kuchagua, chukueni vikombe viwili vya karanga, mzinyunyizie vijiko viwili vikubwa vya maji yaliyoyeyushwa kijiko kidogo cha chumvi, mchanganye. Kaangeni kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, mkikoroga bila kuacha, kwa dakika 15 hadi 20. Moto mkali huunguza ngozi ya karanga na kuacha ndani mbichi. Ziacheni zipoe ndipo mle. Karanga ya moto haisikiki kukatika meno.

(d) Mahamri

Haya ndiyo yaliyotuunguza, na haya ndiyo tuliyarudia. Mahitaji ni vikombe vinne vya unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari, vijiko viwili vidogo vya hamira, kijiko kimoja kidogo cha iliki iliyosagwa, na tui vuguvugu kikombe kimoja na robo hivi.

Mwambieni mtoto kwamba hamira ina uhai. Ni viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyokula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua unga. Tui likiwa la moto sana, viumbe hao hufa na unga hauumuki. Basi mtoto apime kwa kidole safi: likiwa na joto kama la mwili wake, linafaa.

Changanyeni vitu vikavu, mtie tui kidogo kidogo, kisha mkande kwa dakika kumi hadi kumi na tano hadi unga uwe laini na usishike mikononi. Hapa ndipo baba anapohitajika. Mikono yenye nguvu na ije. Funikeni kwa kitambaa safi, mwache uumuke. Siku za joto saa moja inaweza kutosha. Siku za baridi huchukua mbili au zaidi. Gawanyeni madonge manane, yapumzike robo saa. Sukumeni kila donge liwe duara, unene wake usizidi sentimita moja, mkate vipande vinne.

Madonge manane mara vipande vinne ni mahamri 32. Siku ile ya kwanza tulikuwa watu sita, kwa kuwa mama yangu mzazi alikuwa amekuja. Binti yetu akagawanya: matano kwa kila mtu, yakabaki mawili. Akauliza, "Na haya mawili?" Ndugu yake akajibu haraka kwamba ni yake. Lakini mama yao alimwambia ayapeleke kwa jirani yetu mzee anayeishi peke yake. Tangu hapo, katika kila pishi letu kuna mawili ya jirani, hata hesabu isipobakiza kitu.

Kukaanga nilikaa mimi. Watoto walikaa mezani na mama yao, nyuma ya mstari tuliouchora sakafuni kwa chaki. Binti yangu hakuuvuka. Lakini alisimama mstarini akanihesabia yote 32.

5. MOTO HAUNA URAFIKI

Wekeni sheria hizi, mzirudie kila mara.

Jiko la makaa lisitumike ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua watu usingizini. Madirisha na mlango viwe wazi, na jiko litolewe nje kazi ikiisha.

Karai likae mahali palipo sawa, lisiloyumba. Mipini ya sufuria ielekezwe ndani, isielekee upande wa watoto. Mafuta yakishika moto, usimwagie maji kamwe. Zima jiko ikiwa waweza, ulifunike karai kwa mfuniko au sinia.

Mtoto akiungua, usipake dawa ya meno, wala unga, wala mafuta, wala yai. Weka mahali palipoungua chini ya maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20. Asitiwe barafu. Mvue pete, bangili na nguo ambayo haijanata. Usipasue malengelenge. Mfunike kwa kitambaa safi, mpeleke kwenye kituo cha afya, hasa akiwa mdogo au ameungua usoni, mikononi au mahali pakubwa.

Na sheria ya mwisho ni ya mume na mke: siku ya ajali si siku ya kutafuta mkosaji. Mmoja amshike mtoto, mwingine alete maji. Maneno yasubiri. Mtoto aliyeungua anayewasikia wazazi wake wakilaumiana ataamini kwamba yeye ndiye aliyevunja nyumba. Binti yetu alikuja kutuambia baadaye kwamba hivyo ndivyo alivyoamini mwaka mzima.

6. WATU WATASEMA

Akina baba, mtasemwa. Mama yangu mzazi aliponikuta nikikanda unga, alisimama mlangoni akashika kiuno. "Mwanangu," akasema, "umelishwa nini?" Jirani mmoja alisema wazi kwamba katekista amekaliwa na mkewe.

Mama yangu sikumjibu kwa hotuba. Nilimwambia kwa heshima: "Mama, karibu uketi, utuonyeshe kiasi cha iliki." Akaketi. Baada ya nusu saa alikuwa akiwafundisha wajukuu kukanda, akisema mimi sijui. Kumbe mzee akipewa nafasi, hupunguza lawama.

Mwenye shaka kwamba kazi hii humvunjia mwanamume heshima na asome sura ya 21 ya Injili ya Yohane. Bwana aliyefufuka ndiye aliyewatengenezea wanafunzi wake samaki na mkate juu ya moto wa makaa ufuoni, kisha akawaita waje wale. Mbele yake, mimi ni nani nikatae kukanda unga?

Nanyi akina mama, nina neno moja kwenu. Baba akija jikoni atakosea. Atamwaga unga, atasahau chumvi, atatumia sufuria tatu mahali pa moja. Msimcheke mbele ya watoto, wala msimpokonye mwiko. Mke wangu aliniambia kwamba ilimgharimu zaidi kunyamaza nilipokanda vibaya kuliko kukanda mwenyewe. Namshukuru kwa kunyamaza kule. Kama angenifukuza siku hiyo, nisingerudi.

MASWALI YA MUME NA MKE

Jadilianeni usiku mmoja, redio ikiwa imezimwa na simu zimewekwa kando.

1. Watoto wetu wakiwa na njaa humwita nani? Kwa nini?

2. Tangu likizo ianze, ni saa ngapi baba amekaa na watoto akifanya nao kazi ya mikono?

3. Je, kuna jambo lililotokea nyumbani ambalo mmoja wetu alimlaumu mwenziwe mbele ya watoto? Aliombwa msamaha wapi: mbele yao, au chumbani tu?

4. Tukianza Jumamosi hii, tutatengeneza nini, kwa fedha kiasi gani, na nani atakaa motoni?

5. Mawili ya jirani tutampelekea nani?

Binti yetu sasa ni msichana mkubwa. Kovu bado liko mkononi, limefifia. Siku hizi yeye ndiye anayekaa motoni, na mimi ninakata unga. Na bado kila mara kabla hajaweka karai, huangalia mezani kwanza ahakikishe kwamba baba yupo na mama yupo, ndipo huwasha moto.

Nanyi muwepo nyote wawili. Mungu azibariki familia zenu, nawatakia likizo njema.